Ameungua miguu yote miwili: ni ajali, au ameunguzwa?

Swali: Daktari, habari za kazi. Mimi ni muuguzi kwenye zahanati ya kijiji. Jana shangazi mmoja alimleta mtoto wa miaka miwili, ameungua miguu yote miwili hadi juu kidogo ya vifundo. Anasema mtoto alivuta sufuria ya chai jikoni. Nilimsafisha, nikamfunga, atarudi keshokutwa kubadilishwa bandeji. Lakini roho haijatulia. Nitajuaje kama ni ajali? Na nikimsingizia mtu je?

Jibu: Sista, pole, na asante kwa kuuliza. Tuanze na hiyo sufuria. Mtoto akiivuta, maji humwangukia kutoka juu: uso, shingo, bega, kifua. Jeraha huwa baya zaidi pale maji yalipotua, hupungua yanapoteremka, na pembeni hukosi madoa ya matone. Wako ameungua miguu tu. Ukifungua bandeji, tazama ukingo wa juu. Ukiwa umekatika kama soksi, usawa mmoja miguu yote, bila madoa, basi inaelekea alitumbukizwa akashikiliwa. Mtoto aliyekanyaga maji ya moto mwenyewe hurusha miguu, na maji hutapakaa. Tazama na nyayo: zikiwa nzima kuliko vifundo, huenda zilikandamizwa kwenye kitako cha beseni, ambacho hakina moto kama maji.

Kisha mvue nguo zote. Mtoto anayekimbia huchubuka magoti, ugoko na paji la uso. Mchubuko wa sikio, shingo, shavu, tumbo au mgongo kwa aliye chini ya miaka minne unadai maelezo, na kwa mtoto mchanga wa miezi minne au chini yake mchubuko wowote unadai maelezo. Kwenye ngozi yetu haionekani upesi, msogeze dirishani. Yale mabaka ya bluu ya kuzaliwa, ya kiunoni na matakoni, si kipigo: hayaumi, na baada ya wiki mbili utayakuta vilevile.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimfunga plasta mtoto ambaye hata kutambaa hajaanza, nikaridhika na "ameanguka kitandani". Wiki tatu baadaye alirudi, safari hiyo ameumia kichwa. Bado namkumbuka.

Kuhusu kusingizia: kumtaja mkosaji si kazi yako. Andika maneno ya shangazi kama alivyoyatamka, saa mtoto alipoungua na saa alipofika, chora jeraha. Andika "jeraha halilingani na maelezo", usiandike "ameteswa". Mwambie mganga mfawidhi, kisha afisa ustawi wa jamii; akikosekana, piga 116, ni bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 kinamtaka mwanajamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe habari kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Taarifa unayo. Kifungu hichohicho, kikifika kwenye kutelekeza, kinamsema mzazi au mlezi mwenye uwezo anayekataa kutoa chakula au matibabu, kwa hiyo tusiuite umaskini ukatili.

Ila usingoje keshokutwa. Miguu yote miwili kuungua kwa umri huo ni rufaa ya hospitali, iwe ajali au la. Mfuateni leo na mhudumu wa afya wa jamii, mwambieni shangazi ukweli huo tu: jeraha linahitaji hospitali. Barua ya rufaa haimtuhumu mtu, na mtoto atalala wodini wakati ustawi wanafika nyumbani.