Re: Sauti inaachana na midomo kadiri video inavyosonga

Salama mkuu. Kama mwanzo unalingana ila kufika dakika ya 40 sauti imeshaachana na midomo, kusogeza klipu hakutasaidia.

Kwanza, ulirekodi kwa simu? Simu nyingi hazishiki idadi moja ya fremu (picha moja moja zinazounda video) kwa sekunde. Ipitishe video kwenye HandBrake (programu ya kubadili faili za video), chagua idadi ya fremu isiyobadilika ("Constant Framerate"), kisha uiingize upya kwenye programu unayohariria. Kwangu mara nyingi tatizo huishia hapo.

Kama ni kamera, na sauti ulirekodi kwa rekoda ya pembeni, basi saa za ndani za vifaa hivyo viwili hazikimbii sawa. Linganisha mwanzo, halafu badili kasi ya sauti (si ya video!) kidogo mno, mpaka "p" au "b" ya mwishoni iangukie fremu ile midomo inapoachana. Mahojiano marefu mimi huyakata kwenye vituo vya kupumua, nikalinganisha kipande kwa kipande.