Kiki na besi: maliza ugomvi kabla ya kumiksi

Biti nyingi za prodyuza anayeanza zinaharibikia sehemu moja, chini ya Hz 150 (mitetemo 150 kwa sekunde), ambako kiki na besi zinagombania nafasi. (Kiki ya ngoma, siyo ile ya mitandaoni.) Mtu anasikia matope, anafungua ikwalaiza, anakata hapa, anaongeza pale, na saa mbili baadaye biti imekonda na matope yapo vilevile. Ikwalaiza haina kosa. Sauti zenyewe zilikuwa ndefu mno tangu zilipochaguliwa.

Piga hesabu kwanza. Gawa 60,000 kwa tempo (mapigo kwa dakika), utapata urefu wa pigo moja kwa milisekunde. Amapiano ya tempo 112 inakupa kama 536. Singeli ya tempo 240 inakupa 250 tu. Sasa chukua kiki ya muziki wa hausi yenye mkia wa milisekunde 400 uitupie kwenye hiyo singeli: ya kwanza haijanyamaza, ya pili imeshaingia. Besi ipite wapi? Kwa mwendo huo kiki iwe imekwisha ndani ya 120.

Kuitengeneza mwenyewe ni rahisi kuliko kuchambua sampuli mia tatu za kudownload. Sintesaiza (programu ya kuunda sauti) ya bure kama Vital inatosha. Weka osileta (chanzo cha sauti) moja, wimbi laini la saini (sine), na noti iliyo karibu na Hz 50. Envelopu (mkondo unaobadilisha sauti kadiri muda unavyokwenda) ya pili ielekeze kwenye pichi, yaani kimo cha sauti: ianzie oktavu mbili juu, ishuke ndani ya milisekunde 40. Mshuko huo ndio unaoleta lile "du". Ukiurefusha hadi 150 utapata "piu" ya bastola ya katuni; ukiufupisha hadi 5 unabaki na "tik" isiyo na kifua. Kwenye volumu, ataki (muda wa kupanda) iwe sifuri, sasteni (kiwango cha kushikilia) sifuri, na dikei (muda wa kufifia) milisekunde 180 kwa tempo ya kawaida au 100 kwa singeli. Halafu zima ubahatishaji wa fezi (mahali wimbi linapoanzia) kwenye osileta. Ukiuacha, kiki moja inagonga nzito, inayofuata nyepesi, nawe utahangaika bure na kompresa, kifaa cha kusawazisha nguvu ya sauti.

Besi nayo ina mtego wake. Kiki imekaa Hz 50, wimbo uko kwenye ufunguo wa A, noti ya chini ya besi inaangukia Hz 55. Zikilia pamoja, zinavimba na kunywea mara tano kila sekunde, na hakuna plagini ya kuponya hilo. Amua nani anakaa chini. Ikiwa ni kiki, pandisha besi oktavu moja, iwe Hz 110. Ikiwa ni besi, kama logi dramu (sauti za besi zenye mgongo wa ngoma) za amapiano zinavyotawala, kiki ndiyo ipande hadi Hz 80 au 90 na ifupishwe. Mpe besi ataki ya milisekunde 3 na rilisi (muda wa kunyamaza noti ikiachiwa) ya 20, la sivyo kila noti itaanza na kuisha kwa mlio wa kukwaruza.

Hapo ndipo saidicheni (kushusha besi kila kiki inapogonga) inapofaa, maana kazi yake imebaki ndogo. Kompresa ikae kwenye besi na isikilize kiki: uwiano wa 4:1, ataki milisekunde 1, ipunguze desibeli 4 hadi 6. Rilisi ya kompresa (muda wa kuirudisha besi) ifuate tempo, 120 kwa amapiano na 50 kwa singeli. Besi ikianza kupumua bila wewe kutaka, rilisi ni ndefu.

Fada (vitelezi vya volumu): shusha zote, kiki ifike desibeli -10 kwenye masta (chaneli ya mwisho inayobeba sauti zote), besi uipandishe kwa sikio, vingine vifuate. Masta isivuke -6, na limita (kizuizi cha kilele cha sauti) isiwepo kabisa kwa sasa.

Spika ya simu haitoi Hz 55 hata uilazimishe. Weka distosheni (kuikwaruza sauti) kidogo kwenye besi ili zizaliwe Hz 110, 165 na 220. Sikio litaijaza yenyewe noti ya chini. Kila kilicho chini ya Hz 120 kiwe mono, yaani kitoke sawa kwenye spika zote mbili.

Kuna jambo linalowapoteza hata wenye spika nzuri. Chumba cha futi kumi kwa kumi kina urefu wa kama mita 3, na kwa urefu huo masafa ya karibu Hz 57 yanajifuta katikati ya chumba. Ukikaa hapo unasikia besi haipo, unaiongeza, kisha ndani ya gari la rafiki vioo vinatetemeka. Sogeza kiti hadi mita 1.1 kutoka ukuta wa mbele, ucheze tena biti ileile bila kugusa fada hata moja.