Jibu: Wali unaungua katikati, pembeni mbichi

Habari ndugu. Umesema tangu uhamie sufuria ya stili kwenye jiko la gesi, wali unaungua katikati na pembeni unabaki mbichi. Kwanza geuza sufuria uangalie kitako. Kama ni chembamba, tatizo ni hilo, mchele hauna kosa. Stili hupitisha joto polepole; alumini huishinda zaidi ya mara 10. Kwa hiyo joto la moto halisambai, linarundikana palepale.

Yangu ilinitesa hivyohivyo, hasa maji yakishakauka, maana maji yakiwepo kitako hakipandi sana kupita nyuzi 100. Niliweka kipande kinene cha alumini chini ya sufuria, moto mdogo kabisa. Ukoko ukabaki mwembamba, wa kahawia. Je, kitako cha sufuria yako kina tabaka la alumini?