Daktari wa akili, mwanasaikolojia au mshauri? Nilivyozunguka mpaka nikapata mtu

Mkuu, umesema mdogo wako tangu apate ajali ya bodaboda halali, honi ikilia anaruka, na hujui umpeleke kwa daktari wa akili, mwanasaikolojia au mchungaji. Ukauliza pia tapeli anajulikanaje. Hilo la mwisho nalijua, nimelilipia.

Yangu ilianzia kwenye mwendokasi, gari limejaa mpaka mlangoni. Moyo mbio, vidole ganzi, nikajua ndo nakufa. Nikashuka kituo kisicho changu nikakaa chini kama mlevi. Mara nne ndani ya mwezi. Nikapima moyo, presha, sukari, thairoidi, vyote safi. Nikaambiwa "punguza mawazo". Yanapunguzwa kwa kijiko?

Nikampata jamaa mtandaoni anajiita mtaalamu wa saikolojia na mafanikio. Ofisi kali, ukuta mzima vyeti. Kikao cha tatu nikavisogelea kuvisoma: semina za siku mbili mbili. Muda wote huo nilikuwa nasikiliza alivyotoka kijijini mpaka akajenga. Nilipomuuliza kasomea wapi akacheka, halafu akaniletea kifurushi cha vikao kumi, nilipe chote mbele, kupona ni siku 21. Nikaaga.

Kwa hiyo elewa hivi. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili kasomea udaktari kwanza, kisha akabobea. Huyo ndiye wa kuandika dawa, na jina lake liwe kwenye rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Mwanasaikolojia tiba kasomea saikolojia mpaka shahada ya pili, anatibu kwa mazungumzo. Washauri nasaha wazuri wapo, hasa mambo ya ndoa na misiba, ila hilo jina yeyote anaweza kulibandika mlangoni. Kenya wamelitungia sheria tangu 2014, washauri na wanasaikolojia wana bodi yao.

Aliyenisaidia alikuwa mwanasaikolojia wa kliniki ya serikali, dada mpole asiye na ukuta wa vyeti. Nilimuuliza swali moja: utanifanyia nini, na tutajuaje kimefanya kazi? Akajibu bila kuzunguka. Tiba ya fikra na tabia, ile CBT, vikao kama kumi na mbili, nitapewa kazi za nyumbani, na tukifika cha sita bila nafuu tunabadili njia. Siku moja akanipa mrija wa soda, nibane pua, nipumulie humo dakika nzima. Moyo ukaanza mbio zilezile za kwenye basi! Akaniangalia, "Umekufa?" Nikacheka nikiwa natoka jasho. Kuanzia hapo kazi ya nyumbani ikawa kupanda basi kituo kimoja saa nne asubuhi, kisha viwili, mpaka nikarudi kwenye foleni ya saa kumi na moja jioni.

Ya mdogo wako si kama yangu, hayo ni makovu ya ajali. Kama aligonga kichwa, aanze kwa daktari wa kawaida. Kisha tafuta mtu aliyewahi kutibu kiwewe. Muulize kama anafanya CBT ya kiwewe au EMDR, hiyo ya kufuata kidole kwa macho huku unakumbuka tukio. Usishangae, ni tiba inayotambulika. Anayemlazimisha kijana asimulie ajali yote siku ya kwanza, muogope. Na asianze kujinunulia diazepamu duka la dawa ili alale, ile ukiizoea kuiacha ni shughuli. Akiandikiwa dawa za sonona ajue zinachukua wiki kadhaa kushika, asizitupe siku ya tano.

Mchungaji aende tu, hakuna ubaya. Akimwambia aache dawa, hapo muondoe.

Ila akianza kusema bora angekufa palepale barabarani, usisubiri tarehe ya kliniki. Hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake.

Halafu kuna mama. Najua atasema watu watasema mtoto kapelekwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwambie anaenda kutibiwa usingizi, si uongo. Ndivyo nilivyomwambia wangu, na kila Alhamisi nikirudi alikuwa ananiuliza, "Leo wamekulaza?"