Jibu: Mkataba wa kujitegemea na makato mapya Kenya

Ndugu, umeuliza kama kampuni yenu ya uwakala hapo Nairobi inaweza kuendelea kuwaweka waandishi wanaofanyia kazi nyumbani kwenye mikataba ya kujitegemea, baada ya makato ya nyumba na afya kuja. Inaweza, ila jina la mkataba halitawalinda. Mahakama ya kazi huangalia hali halisi: nani anapanga saa, kompyuta ni ya nani, je, mwandishi ana wateja wengine?

Anayejitegemea kweli huleta ankara. Mnakata kodi ya zuio (kodi yake mnayoizuia kwenye malipo) 5% malipo ya mwezi yakifika shilingi 24,000, na kuiwasilisha KRA, mamlaka ya mapato, ndani ya siku 5 za kazi. Akiwa mwajiriwa kuna PAYE (kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara), NSSF (mfuko wa pensheni), SHIF (bima ya afya) 2.75% ya mshahara wake (tangu Oktoba 2024), na tozo ya nyumba: 1.5% yake, 1.5% yenu.

Wengi hunaswa hapa: mkataba unasema “huru”, lakini kila mwisho wa mwezi analipwa kiasi kilekile, anaingia kwenye mfumo saa mbili asubuhi, na kwenye WhatsApp kuna ujumbe wake, “Bosi, naomba ruhusa kesho.” Ujumbe huo ni ushahidi wa ajira. Akishinda kesi, anaweza kudai hata likizo yake ya siku 21 kwa mwaka.

Kwa hiyo lipeni kwa kazi iliyokamilika, si kwa mwezi. Wale mnaowahitaji kila siku waajirini tu. Ni haki yao.