Nilibadilisha chupa, sikubadilisha dawa

Masika ya mwaka juzi nilizika mbuzi watatu wa maziwa ndani ya mwezi mmoja, hapa Tengeru, na wote watatu walikuwa wamenyweshwa dawa ya minyoo. Hapo ndipo paliponiuma. Asiyetibu mifugo yake anajua alipokosea. Mimi nilikuwa na daftari lenye tarehe, kila miezi mitatu zizi zima linapata albendazoli, sibakizi hata mmoja.

Wa kwanza alivimba chini ya taya, akafa siku ya nne. Nikaenda duka la dawa za mifugo, nikalalamika kwamba dawa imegoma. Nikapewa chupa nyingine, jina jingine: fenbendazoli. Nikanywesha wote tena. Hazikupita siku kumi nikazika wa pili, na wa tatu akafuata.

Kijana wa mifugo niliyemwita alimshika jike mmoja, akafunua kope ya chini. Ndani palikuwa peupe kama karatasi. Kisha akatazama chupa zangu na kutikisa kichwa: "Mama, hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja."

Mnyoo aliokuwa akiuzungumzia ni Haemonchus contortus, unaoishi kwenye tumbo la nne na kunywa damu, takribani mililita 0.05 kwa siku. Si kitu, utasema. Lakini mbuzi mwenye minyoo 1,000 anapoteza mililita 50 kila siku, kama kikombe kimoja cha wale wauza kahawa wa mjini. Mbuzi wa kilo 30 atavumilia vikombe vingapi?

Albendazoli na fenbendazoli zinafanya kazi moja. Ndani ya seli za mnyoo kuna protini iitwayo tubulini, inayoungana kuwa vijiti vinavyoshikilia seli kama fito za nyumba ya udongo. Dawa inaing'ang'ania tubulini, fito hazijengeki, mnyoo unakufa. Sasa, kwenye jeni ya protini hiyo, badiliko la herufi moja tu linaifanya nafasi ya 200 kwenye mnyororo wake ibebe tofali jingine, tairosini badala ya fenilalanini. Dawa inakosa pa kushika. Ndiyo maana kubadilisha chupa hakukunisaidia.

Nilidhani dawa ndiyo iliyoutengeneza usugu huo. Kumbe minyoo michache huwa nao tangu mwanzo, na mimi nilikuwa naiondolea washindani kila miezi mitatu. Inayobaki inazaana yenyewe kwa yenyewe, na jike mmoja hutaga mayai zaidi ya 5,000 kwa siku. Wala si jambo geni: tiabendazoli, dawa ya kwanza ya ukoo huu, ilitoka 1961, na kufikia 1964 usugu ulikuwa umesharipotiwa kwa kondoo huko Marekani.

Lililonibadilisha kabisa ni hili: ili mnyoo uwe sugu kweli, kwa kawaida lazima urithi jeni hiyo kutoka kwa baba na mama. Ukirithi kwa mmoja tu, dozi kamili bado inaweza kuuua. Kwa hiyo minyoo dhaifu inayobaki malishoni na ndani ya mbuzi wenye afya ni mali. Inaoana na ile sugu na kuizimua. Mimi nilikuwa naifyeka.

Siku hizi sinyweshi zizi zima. Masika nafunua kope kila wiki mbili. Wekundu naacha, weupe natibu. Ipo kadi ya rangi iitwayo FAMACHA, iliyobuniwa Afrika Kusini, yenye ngazi 1 hadi 5. Anayesoma 4 au 5 hana mjadala. Wa 3 namtibu kama ananyonyesha au bado mtoto. Kope inaonyesha upungufu wa damu tu, kwa hiyo anayeharisha au kukonda namtazama kivyake.

Usikisie uzito. Dozi pungufu ndiyo inayoipitisha minyoo yenye jeni ya upande mmoja. Tena mbuzi huivunja albendazoli mwilini haraka kuliko kondoo, kwa hiyo kipimo cha kondoo kilichoandikwa kwenye chupa hakimtoshi. Muulize mtaalamu akupe cha mbuzi, na mwambie kama jike ana mimba changa maana albendazoli haimfai. Levamisoli, dawa nyingine ya minyoo, ni ya ukoo mwingine kabisa, ila ukizidisha inadhuru haraka.

Ukitaka uhakika, peleka kinyesi kibichi maabara kabla ya kunywesha, halafu tena siku ya 14. Mayai yasipopungua kwa angalau 95%, una usugu zizini. Na mbuzi wa mnadani, hata akiwa mnono, mtenge kwanza. Huenda anakuletea jeni ambazo hukuwa nazo.

Juzi jirani alikuja kuazima chupa yangu. Nikampa mizani kwanza. Beberu wake aliyekuwa akimpigia hesabu ya kilo 35 alisoma 52.