Mshipa upi umekatika?

SWALI: Baba yangu mdogo alianguka na bodaboda miezi miwili iliyopita akatua na bega. Tangu hapo mkono wa kulia unaning'inia tu. Karatasi ya hospitali imeandikwa "mshipa wa mkono umekatika". Jirani anasema "mkono umekufa". Mwanangu aliye kidato cha pili anasema neno sahihi ni "neva". Nani mkweli? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa kuuguza. Mwanao kasema sawa: neva, neva hii, neva hizi, ule uzi wa mwilini unaoleta hisi na kupeleka amri kwenye misuli. Neno limekwisha kuzoeleka na halina haja ya kuombewa radhi. Jirani nitamrudia. Wa kuanza naye ni huyo aliyeandika "mshipa", akaweka nukta, akageukia mgonjwa mwingine.

Mshipa ni neno la zamani la Kibantu. Wazulu wanalo, umsipha, na kwao ni ukano, yaani kamba inayounganisha msuli na mfupa, au msuli wenyewe. Sisi tumelitwisha kila kitu chembamba kirefu kilicho chini ya ngozi: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, mshipa wa shingo unaomtoka mtu akikasirika, hata ngiri, maana mtu wa pwani akisema fulani "ana mshipa" hazungumzii mkono kabisa. Mchanganyiko huu haukuanza kwetu. Neuron ya Wagiriki na nervus ya Walatini, lilikotoka neno neva, yote mawili yalikuwa na maana ya ukano kabla ya kuwa na maana tunayoijua leo. Lakini tabibu Herophilus wa Alexandria alikwisha kuzitenganisha neva na kano katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Imepita miaka zaidi ya 2,200. Hatuna sababu ya kuendelea kuvichanganya kwenye karatasi ya mgonjwa.

Chukua kifundo cha mkono kilichokatwa na kioo cha dirisha. Ni jeraha la kila siku, na hapo ndipo neno hili linapoharibu zaidi. Upande wa kidole gumba, pale tunapopima mapigo, pamelala ateri, mshipa unaotoa damu moyoni. Katikati zinapita kano 9 za kukunja vidole, zimebanana kwenye njia moja nyembamba, na pamoja nazo neva moja, mediani. Upande wa kidole cha mwisho kuna ateri ya pili, na ubavuni mwake neva ya ulna. Kipande kimoja cha kioo kinaweza kukata vyote hivyo, au kimoja tu. Sasa niambie "mshipa umekatika" inamweleza nini daktari atakayempokea usiku.

Ateri ikikatika, damu inaruka kwa mapigo. Unakandamiza kwa kitambaa safi, unainua mkono, huachii. Ukano ukikatika, damu inaweza kuwa kidogo tu. Mlaze mgonjwa mkono mezani, kiganja kikitazama juu, aulegeze. Vidole vizima hujikunja vyenyewe, cha shahada kidogo, cha mwisho zaidi. Kile ambacho kano zake zimekatika kinabaki kimenyooka peke yake. Na neva? Hapa ndipo wengi wanapotea. Neva ya mediani ikikatika kwenye kifundo, mgonjwa bado anakunja vidole vyote vizuri, kwa sababu misuli inayovikunja iko juu, karibu na kisugudi, na imekwisha kupata neva yake kabla ya kufika kwenye jeraha. Anaambiwa akunje, anakunja, inaandikwa "mshipa mzima", anashonwa ngozi na kwenda nyumbani. Baada ya wiki kadhaa anagundua kwamba kufunga kifungo cha shati hawezi, na sindano ikidondoka haioni kwa vidole. Gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete havina hisi, na gumba haliwezi kusogea kukabili vidole vingine.

Kumpima hakuchukui dakika mbili. Afumbe macho, umguse kwa pamba ncha ya kidole cha shahada: hiyo ni mediani. Ncha ya kidole cha mwisho: ulna. Mgongoni mwa mkono, kwenye ngozi iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada: radiali. Ulinganishe na mkono wa pili. Kisha uandike jina la neva. Na ufanye hivyo kabla ya kumchoma sindano ya ganzi, kwani baada ya hapo kipimo hakina maana.

Hata ndani ya chumba cha upasuaji kosa hili lina historia. Vitabu vya upasuaji wa mkono vinaonya juu ya ncha ya ukano kushonwa kwenye ncha ya neva, na juu ya neva ya mediani kukatwa ikidhaniwa ni ule ukano mwembamba wa juu ambao hutolewa kwenda kuziba pengo kwingine, na ambao watu wengine huzaliwa bila kuwa nao. Ukitazama kwa karibu, ukano ni mweupe unaong'aa. Neva ina umanjano, laini, na juu yake unatambaa mshipa mdogo wa damu. Macho yanatofautisha, basi na lugha itofautishe: ateri, vena (mshipa unaorudisha damu moyoni), ukano, neva. Maneno manne tu, na yote ni mafupi.

"Mshipa wa fahamu" nalivumilia. Vitabu vya shule vimelitumia na wazee wanalielewa. Ila lina dosari mbili. Fahamu tunayoijua ni ile anayoipoteza mtu akizimia, na neva ya mkono haina habari na kuzimia. Pili, neva haileti hisi tu, inapeleka pia amri ya kusogeza misuli. Ukiliandika, liandike lote. Ukilifupisha kuwa "mshipa", tumerudi kwenye kioo cha dirisha.

Turudi kwa baba mdogo, maana kwenye karatasi yake hata kitenzi nakitilia shaka. Neva zote za mkono zinaanzia shingoni kwa mizizi 5: minne kutoka pingili za shingo, mmoja kutoka juu ya kifua. Inapita nyuma ya mtulinga, inaungana na kugawanyika kama mtandao, ndipo zinatokea neva kubwa za mkono. Mtu akitua na bega huku kichwa kikielekea upande mwingine, mtandao huo unanyooshwa kwa nguvu. Kukatika ni kwa kioo na panga. Ajali ya namna hii huivuta neva, huipasua, au huung'oa mzizi kabisa kutoka uti wa mgongo. Kiswahili kina vitenzi vyote: kubanwa, kuvutika, kukatika, kung'oka. Kila kimoja kina matokeo yake. Aliyelala usingizi mzito mkono ukining'inia mgongoni mwa kiti, au anayetembelea magongo marefu yanayomsukuma kwapani, neva yake ya radiali imebanwa tu. Kiganja kinaanguka, lakini kwa kawaida kinarudi baada ya wiki au miezi michache. Iliyokatika hushonwa. Mzizi uliong'oka haushoneki, na daktari bingwa huazima neva nyingine ya jirani ili walau kisugudi kikunje.

Jirani naye aache "mkono umekufa". Mkono uliokufa hukatwa. Wa baba mdogo una damu, una joto, kucha zinaota. Sema umepooza, kama hausogei. Sema umekufa ganzi, kama hauhisi. Sema vyote viwili kama ndivyo. Neno "umekufa" linawafanya watu wa nyumbani waufunge kwenye khanga na kuuacha, na viungo vinakakamaa. Bega, kisugudi, kifundo na kila kidole vinatakiwa kukunjwa na kunyooshwa na mtu mwingine kila siku, taratibu, bila kuvuta bega. Asipelekwe kuchuliwa shingo eti mshipa umepanda.

Na msikae. Neva huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka shingoni hadi kiganjani kwa mtu mzima ni sentimeta 60 au 70, yaani karibu miaka 2, wakati msuli uliokosa neva huanza kutopokea tena baada ya mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Ndiyo maana upasuaji wa aina hii hutakiwa ufanyike ndani ya miezi 6 ya mwanzo, na nyinyi mmeshatumia miwili. Rudini hospitali na karatasi ile, muombe rufaa iandikwe hivi: "Amejeruhiwa mtandao wa neva za mkono wa kulia kwa kuvutika au kung'oka mizizi, mkono umepooza", kisha yatajwe maeneo yaliyokufa ganzi, kidole kwa kidole.

Mkono huo hausikii moto. Kikombe cha chai akipokee kwa kushoto, na asitokee wa kumwambia ni utovu wa adabu.